Nani Ananoa Kisu cha Daktari

Nyumbani, 3 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, isipokuwa Bibi, ambaye magoti yanamsumbua akiinuka na ulimi haumsumbui hata kidogo. Amesema nikuandikie kwamba umesahau miwani yako juu ya kabati. Nilimwambia, "Bibi, miwani hiyo haimsaidii tena, ndiyo maana amekwenda hospitali." Akanijibu, "Basi angeibeba imsindikize."

Shuleni naendelea vizuri. Mwalimu wa lugha ametufundisha kwamba barua njema huanza na habari za waliobaki, ndipo ifuate shida ya mwandishi. Habari nimemaliza. Shida yangu ni kwamba tangu uondoke, siku tano zilizopita, watu bado wanaleta visu mlangoni. Nimefuata amri yako. Visu vya jikoni napokea. Mikasi, patasi na nyembe nakataa. Kinyozi amenuna. Mwenye bucha aliniwekea visu viwili mezani akasema, "Kama binti huyu hajui kunoa, kesho naanza kuuza kabichi."

Nanoa kama ulivyonionyesha, kwanza kinoo cha kukwaruza, kisha kinoo laini. Ugumu wangu ni kuinamisha kisu. Nikianza kuhesabu misuguo, mkono unainuka wenyewe, na upande mmoja wa makali unakuwa mnene kuliko mwingine. Nifanyeje?

Nakumbuka yote aliyosema daktari wa hapa. Jicho la kushoto mtoto wa jicho amelifunika karibu lote, na la kulia linafuata. Mpasuaji atakuwepo huko mpaka mwisho wa Juni, kisha anahamishwa, na hakuna anayejua atakuja mwingine lini. Jicho likikaa sana hivyo, huenda lisifunguke tena. Nimeandika tarehe 30 Juni kwenye jalada la daftari langu la hesabu. Tafadhali niambie umepangiwa siku gani.

Mimi mwanao,
binti wa kaka yako


Hospitali ya macho, 14 Machi

Msomi wangu,

Marahaba. Usicheke mwandiko. Naandika herufi kubwa kama za tangazo la ukutani ili nizione mwenyewe, na sasa karatasi inataka kuisha kabla sijamaliza salamu. Msalimie mama yangu. Mwambie miwani abaki nayo, imsindikize yeye.

Mimi nimelazwa ili presha ishuke kwanza. Wananipima asubuhi, wananipima jioni, wanaandika, wanaondoka. Kitanda cha pili yupo mama mmoja aliyekuwa karani wa mahakama. Wote tunamwita Karani. Jicho lake moja limekwisha kupasuliwa, sasa hakuna lebo ya shuka wala sura ya mtu ambayo hajaisoma.

Sasa kazi. Acha kuhesabu. Laza kisu juu ya jiwe, kisha uinue mgongo wake mpaka ncha ya kidole chako cha mwisho ipite chini yake. Hapo ndipo mahali pake. Toa kidole, mkono ukumbuke. Halafu sikiliza. Kisu kikiwa mahali pake jiwe linanong'ona. Kikiinuka linakwaruza. Kikilala mno linanyamaza, maana hayo si makali unayoyasugua, ni ubavu. Mimi nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa kwa kidole na kwa sikio, na ndiyo maana watu hawakujua kwamba macho yameanza kuniaga.

Nimepangiwa tarehe 10 Aprili. Nilimuuliza daktari swali moja akacheka. Nitakueleza siku nyingine, karatasi imekwisha.

Shangazi yako


Nyumbani, 29 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilichukua siku kumi na moja. Bibi aliishika, akaigeuza, akasema mwandiko wako umekua kuliko wewe. Magoti yake ni yale yale. Mimi nimekuwa wa nne darasani katika jaribio la sayansi, na wa kwanza ni yule yule.

Kidole cha mwisho kimenisaidia sana. Nimeusikia mnong'ono. Mwenye bucha alichukua visu vyake, akakata karatasi, hakusema kitu, na Bibi anasema kwa mtu yule kunyamaza ndiyo sifa.

Juma lililopita alikuja fundi cherehani na ule mkasi wake mkubwa mweusi. Nilimwambia kwamba ni wewe peke yako unayeunoa. Akasema, "Binti, nina sare arobaini za shule za kukata, na mkasi huu sasa unatafuna kama bibi yako." Bibi, ambaye hasikii akiitwa kuosha vyombo, alisikia hilo kutoka chumba cha ndani. Akamjibu kwamba meno yake mawili yanashinda mkasi mzima. Tulicheka. Fundi alikaa kwa muda, halafu akaenda.

Nina swali dogo, ni la elimu tu. Kinoo laini kikinyunyiziwa maji, maji yanapaswa kuingia ndani au kukaa juu kama matone? Kinoo chenyewe hakina tatizo. Nauliza ili nijue.

Tarehe 10 imekaribia. Kila nikifungua daftari la hesabu, moyo unaniruka. Tafadhali fanya yote daktari atakayosema, na umwambie mtu aniandikie upesi.

Mimi mwanao

Nimesahau kukuuliza: je, maji yakikaa juu, kuna dawa?


Hospitali ya macho, 20 Aprili

Msomi wangu,

Marahaba. Usishtuke kuona mwandiko mzuri, si wangu. Anayeandika ni Karani, mimi nasema tu, kwa sababu nimekatazwa kuinama. Ndiyo hivyo. Tarehe 10 ilifika, ikapita, na mimi ni mzima. Sasa naona mpaka vumbi lililolala kwenye dirisha, na wanaofagia hapa wajiandae. Mwambie mama yangu asiende kumtangazia kila jirani. Nitakaa huku kwanza mpaka walimalize na jicho la pili.

Tuzungumze kazi. Maji hayakai juu ya kinoo laini. Kinayanywa. Unayamwaga, kinayanywa, unaongeza, ndipo unaanza. Miaka yote hiyo sijaona tone likikaa juu yake kama linangoja gari. Kwa nini umeuliza? Na kwa nini umeuliza mara mbili katika barua moja? Halafu huyo fundi cherehani "akaenda". Akaenda na mkasi au bila mkasi? Wewe ndiye unayefundishwa kuandika sentensi kamili.

Dereva wa lori la mbao anapita huko kila mwezi na mwisho wa safari yake ni huku. Mpe kisu kimoja ulichokinoa mwenyewe, aniletee. Nataka kukitazama.

Shangazi yako

Salamu kutoka kwa mwandishi. Nimeandika nilichoambiwa, kama nilivyofanya mahakamani.


Nyumbani, 6 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo nyingi kwa Mama Karani. Barua yenu niliisoma nimesimama mlangoni, kisha nikamsomea Bibi kwa sauti, kisha akaniambia nirudie pale penye vumbi. Alifuta macho akasema ni moshi. Jiko lilikuwa halijawashwa.

Nashukuru. Nilikuwa nimeanza kuogopa barua yoyote isiyo na mwandiko wako. Sasa nitaliweka pembeni lile daftari la hesabu na kuanza jipya. Hata hivyo nilikuwa nimebakiza kurasa chache.

Huku mambo ni ya kawaida. Wateja si wengi kama Machi. Mwenye bucha amesafiri, nadhani.

Nampa dereva kisu cha jikoni kwetu, kile chenye mpini uliofungwa waya. Nimekinoa kadiri ya uwezo wangu. Nimekifunga kwa kitambaa ambacho ukikiona tu utajua ni nini, wala sina haja ya kueleza. Nimekuchagulia hicho makusudi, ili kikuchangamshe sasa macho yako yamefunguka.

Kuhusu yale maswali yako mengine, nitayajibu katika barua inayofuata kwa sababu dereva anapiga honi.

Mimi mwanao


Hospitali ya macho, 19 Mei

Msomi wangu,

Marahaba. Dereva alileta kisu, amekula, amelalamika kuhusu barabara, ameondoka. Mwenye bucha hajasafiri. Dereva alimwona akinunua kisu kipya cha dukani, chenye mpini wa plastiki.

Sasa nikusomee kisu chako. Nimekiweka kwenye ukucha. Karibu na mpini kinashika, katikati kinashika, kwenye ncha kinateleza, kwa hiyo ukifika kwenye ncha mkono unachoka au mawazo yanaondoka. Hilo ni la kawaida. Nimekivuta juu ya karatasi. Kilipaswa kulia sauti moja nyembamba. Chako kinalia, kinanyamaza, kinalia. Nikapitisha kidole ubavuni nikakuta bado upo ule uzi wa chuma ambao kinoo laini kazi yake ni kuuondoa. Mtu akinoa vizuri kwenye kinoo cha kukwaruza kama ulivyonoa wewe, halafu kinoo laini kishindwe kumalizia, basi kinoo hakinywi maji. Kinateleza. Na kitu cha kufanya jiwe lile liteleze ni kimoja.

Kuna mafuta katika kinoo changu. Niandikie ukweli.

Kile kitambaa cheupe nimempa Karani afutie miwani. Asante.

Shangazi yako


Nyumbani, 30 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Bibi hajambo. Leo sitaweza kupanga barua kama tulivyofundishwa.

Ni kweli. Wiki mbili baada ya wewe kuondoka tulisoma katika sayansi kwamba mafuta huzuia kutu. Niliona kwenye kinoo laini alama nyekundu nyekundu, nikadhani kimeanza kuota kutu kwa sababu hakuna anayekitunza. Nilitaka ukirudi ukikute kizuri. Nilikiweka ndani ya sufuria, nikakimiminia mafuta ya kupikia mpaka kikazama, nikakiacha kutwa nzima. Nilipokitoa kilikuwa kinang'aa na nilifurahi sana. Maji yalipokataa kuingia ndipo nilipojua. Nimekichemsha. Nimekisugua kwa sabuni. Nimekianika siku nne. Maji bado yanakaa juu yake.

Na fundi cherehani alienda bila mkasi. Aliuacha, akasema ana haraka, nami nikaona aibu kukataa mara ya pili. Mkasi uliteleza kwenye kinoo, nikakandamiza. Kisha nikausugua na ule upande wa ndani, ule bapa, ambao wewe hujawahi kuugusa. Siku ya pili alirudi, akakata kitambaa, kitambaa kikajikunja katikati ya visu bila kukatika. Hakunilaumu. Aliutazama mkasi kwa muda mrefu akasema, "Kumbe na wewe umezeeka, mwenzangu." Akaenda nao. Anadhani ni uzee. Nimemwacha adhani hivyo mpaka leo.

Sasa na mimi nina neno.

Kitambaa hakikuwa cheupe. Kilikuwa mkono wa lile shati la baba, la mistari ya kijani na njano, lililochanika kwapani, ambalo tangu azikwe hukuniruhusu hata kulifulia pamoja na nguo nyingine. Nililikata mkono nikijua utanigombeza. Nilingoja unigombeze. Mtu anayeona vumbi la dirishani angeona ile njano kutoka mwisho wa korido.

Shangazi, hujapasuliwa.

Umeniambia nisiandike nusu. Na wewe uliandika "tarehe 10 ilifika, ikapita". Nimeisoma tena sentensi hiyo na ni kweli kabisa, ndiyo maana inaniuma. Umesema unanoa kwa kidole na kwa sikio. Lakini ni wewe uliyenifundisha kwamba mkasi ukishanolewa unainuliwa dhidi ya mwanga, utazamwe uwazi kati ya visu vyake kama umenyooka. Huo hauguswi na hausikiki.

Nimelirudia daftari la hesabu. Zimebaki siku thelathini na moja. Naomba uniambie siku iliyobaki ni ipi, na unachoogopa ni nini. Mimi namwogopa fundi. Jumatatu ijayo baada ya shule nitakwenda kwake nimwambie. Nitakwenda hata kama wewe huendi popote.

Mwanao


Hospitali ya macho, 9 Juni

Binti wa kaka yangu,

Marahaba.

Karani alinisomea barua yako mara moja, nikamwambia inatosha. Lile shati sitalisema leo.

Walinipangia tarehe 10 Aprili, nikasema kichwa kinauma. Wakanipangia tarehe 8 Mei, nikajifungia chooni mpaka wakaita mwingine. Iliyobaki ni tarehe 25 Juni, siku ya mwisho ya daktari huyu kupasua. Sitaki unihesabie siku.

Umeuliza naogopa nini. Siku ya kwanza nilimuuliza daktari, "Kisu chenu nani anakinoa?" Akacheka, akaniambia nisiwe na wasiwasi. Mtu anayecheka swali hilo nitamfunguliaje jicho? Mimi najua kisu. Nimekaa na visu maisha yangu. Kisu kikali kinakwenda unapokipeleka. Kikiwa kimebakiza uzi mmoja tu ambao huuoni, kinakwenda kinapotaka. Wengine humu wanalala wakiimba kwa sababu hawajui. Laiti na mimi nisingejua. Wakati huu jicho la kulia bado linaniletea mwanga na vivuli vya watu. Ni kidogo, lakini ni changu. Wakikosea, sitakuwa hata na hicho.

Kinoo hakijafa. Mafuta huingia kiasi, hayafiki moyoni. Chukua mchanga safi wa kujengea, uchekeche, umwage juu ya ile sakafu ya saruji iliyonyooka nyuma ya bomba. Mwaga maji. Lisugue jiwe humo kwa kuzungusha kama unaandika herufi O, mpaka ule weusi wa mafuta uishe. Litapungua unene. Utasugua siku nyingi. Ukimwaga maji likayanywa, acha.

Kwa fundi usiende peke yako. Nenda na mama yangu, ana mdomo.

Shangazi yako

Mwandishi anaongeza kwa hiari yake: Nilikataa kuandika ile habari ya vumbi, nikashindwa na machozi yake. Mimi narudi kwangu tarehe 20 Juni. Sijui nani atamwandikia baada ya hapo. Nilimwambia jicho langu lilipasuliwa kwa kisu hicho hicho na ninasoma. Akasema mimi sina mikono ya kujua bahati niliyoipata.


Nyumbani, 18 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilinifikia jana. Kumbe nilikuwa nimekwisha kwenda kwa fundi, na nilikwenda peke yangu, kwa sababu Bibi alisema, "Nikienda mimi tutarudi na ugomvi badala ya msamaha."

Cherehani ilikuwa inakimbia. Nilisimama mlangoni mpaka mguu wake uliposimama. Nilikuwa nimeandika la kusema kwenye kiganja, lakini jasho lilifuta. Nikasema, "Fundi, mkasi wako haukuzeeka. Niliuharibu mimi."

Alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja akazichomeka kwenye mkono wa shati lake, zote saba, bila kunitazama. Kisha akasema, "Miezi mitatu nakata sare kwa mkasi mdogo wa duka. Nimeota sugu mahali ambapo sikujua kwamba pana ngozi."

Nikasema naomba radhi.

"Mbona umekuja leo? Nilikuwa nimekwisha kuuzika."

Nikamweleza. Sikukusudia kumweleza yako, Shangazi, ilitoka pamoja na yangu. Nilisema kwamba unaogopa kisu cha daktari, na kwamba mmoja wetu ilibidi aanze.

"Mama Makali anaogopa kisu?" akasema. "Yule aliyemfukuza kinyozi mpaka sokoni kwa sababu alikata waya kwa wembe?"

"Anaogopa kwa sababu anavijua," nikasema.

Akainuka, akautoa mkasi nyuma ya marobota, umefungwa kwa gazeti. Akaufungua, akauinua mlangoni penye mwanga, akafumba jicho moja. Akaniambia nisogee nitazame. Uwazi kati ya visu umepinda kama njia ya mchwa, ni upande ule niliousugua. Akasema, "Sitampa mtu mwingine. Umenielewa? Uko hapa, unamngoja. Lakini aje na macho. Mkasi huu hauponi kwa mtu wa kupapasa."

Nimekuandikia alivyosema, neno kwa neno. Sikuongeza.

Nimeanza kusugua kinoo kwenye mchanga. Bado ni cheusi. Bibi anaketi karibu nami kwenye kiti na kuniambia herufi O yangu ni yai.

Sitakuambia uende. Nimefikiri sana juu ya swali lako na naona daktari hakupaswa kucheka. Mimi ningekuwa wewe ningemuuliza tena.

Mwanao


Nyumbani, 4 Julai

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Hatujapata barua.

Tarehe 25 nilikosea hesabu zote ubaoni na mwalimu akaniuliza kama ninaumwa. Tarehe 30 ilipopita nililichana jalada la daftari, kisha nikaliunganisha kwa gundi kwa sababu mwalimu hukagua. Kila siku napita posta. Karani wa posta sasa ananitikisia kichwa nikiwa bado ng'ambo ya barabara, ili nisivuke bure. Mimi huvuka.

Bibi ameacha mizaha tangu Jumamosi. Nilikuwa sijui nyumba yetu ni kimya kiasi hiki.

Dereva wa lori alipita. Anasema aliuliza langoni akaambiwa wagonjwa wa mpasuaji yule wote wamehamishwa jengo jingine, na hawakumwambia zaidi. Sijui kama hiyo ni habari njema. Nimeifikiria kwa kila namna.

Kinoo kimeanza kunywa maji upande mmoja.

Ikiwa hukwenda, niandikie hivyo hivyo. Sitakasirika. Ikiwa ulikwenda na mambo hayakuwa mazuri, mtafute mtu yeyote aandike hata mstari mmoja. Mimi nitamaliza shule na nitakusomea kila kitu. Mkasi wa fundi nitajifunza kuutazama kwa niaba yako.

Mwanao


Hospitali ya macho, jengo jipya, 2 Julai

Msomi wangu,

Marahaba. Naandika mwenyewe. Mistari inapanda kwa sababu jicho moja bado lina giza na lingine linashangaa, lakini angalia ukubwa wa herufi.

Karani aliondoka tarehe 20. Barua yako ya tarehe 18 ilifika tarehe 24, muuguzi akanisomea akiwa amesimama, sinia mkononi. Alipofika pale mkasi unaponingoja alikaa chini kwenye kitanda changu akasoma mpaka mwisho.

Asubuhi ya pili nilikwenda kwa miguu yangu. Nikamuuliza daktari tena, nani ananoa. Safari hii hakucheka. Akasema, "Mama, hakinolewi. Kinakuja kimefungwa, nakitumia kwako wewe peke yako, kisha nakitupa." Kisu kinatupwa baada ya kazi moja. Nikamwambia basi nikiguse. Akasema kile cha kazi hakiguswi na mtu. Akamtuma muuguzi alete kingine cha aina ile ile, kilichopitwa na tarehe, akanipa. Nikakipeleka kwenye ukucha. Kilishika kabla sijakigusisha.

Aliyekitengeneza anajua kazi. Nikalala.

Wamenipasua la kulia. Walipofungua bandeji nilimwona muuguzi. Nilidhani ni mtu mzima, kumbe ni mtoto wa juzi ana chunusi. La kushoto daktari anasema limekomaa mno, hawezi kuahidi, atamwandikia mwenzake atakayekuja. Kwa hiyo lile siwezi kukuambia. Ningetaka kukuambia litaona, lakini tumeshaacha kuandikiana nusu.

Sasa sikiliza. Kwa kuwa nakatazwa kufanya chochote, nimezitoa barua zako zote chini ya mto nikazisoma tena kwa jicho langu. Karani alinisomea vizuri, hakuruka neno. Lakini yeye alisoma maneno tu. Barua ya tarehe 29 Machi ina doa pembeni, chini, ulipoegemeza mkono wa kuandikia. Kahawia, kingo zake nyeusi kidogo. Kuna lingine dogo nyuma, na mwandiko pale unaanza kulala. Nimefuta rangi hiyo kwenye mbao na vitambaa na mipini miaka kumi na tisa. Siyo chai.

Ni kidole gani, na kiko vipi?

Shangazi yako


Nyumbani, 12 Julai

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Bibi amecheka leo. Habari nyingine zote zitangoja.

Ni kidole gumba cha mkono wa kulia, kile tunachojaribia makali. Ni siku ile ya mkasi. Nilikandamiza, ukateleza. Zahanati walikishona nyuzi nne. Kidonda kimefunga vizuri, lakini ncha yake haihisi kitu. Nikigusa makali ni kama nagusa kwa kidole cha mtu mwingine. Tangu hapo nimekuwa nikijaribia kwa cha kushoto, na ndiyo sababu ncha ya kisu chako iliteleza.

Muuguzi wa zahanati anasema hisia hurudi polepole, pengine mwaka, pengine isirudi yote. Sikukuandikia kwa sababu ungefunga mizigo na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo, ukiwa na macho yako yale.

Jana usiku nilikichoma kwa sindano na nadhani nilihisi kitu. Sina hakika. Naomba ukirudi ukitazame.

Mwanao